Kofia Tatu, Pikipiki Moja: Kazi ya Afisa Elimu Kata

Pikipiki ikiingia uwanjani saa 4 asubuhi, tazama walimu wanafanya nini katika dakika mbili zinazofuata. Kwenye shule moja mwalimu anatoka darasani mbio kwenda kutafuta andalio la somo la juzi alijaze tarehe. Kwenye shule nyingine mwalimu anaendelea kufundisha, na mtoto wa dawati la nyuma anasogea ili mgeni apate pa kukaa. Aliyeshuka kwenye pikipiki ni yuleyule, mwenye cheo kilekile. Tofauti imetokana na alichokuja kukifanya mara tatu au nne zilizopita.

Mtu huyo siku hizi anaitwa Afisa Elimu Kata. Walimu wengi bado wanamwita mratibu, maana kwa miaka mingi jina lilikuwa Mratibu Elimu Kata, na kusema kweli jina la zamani liliieleza kazi vizuri zaidi. Tanzania Bara ina kata zinazokaribia 4,000, na afisa wa kata ndiye anayeziangalia shule zake, za msingi na za sekondari kwa pamoja.

Nani anamtuma, na nani si yeye

Mkanganyiko wa kwanza ni wa ofisi. Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia inatunga sera. Taasisi ya Elimu Tanzania, yaani TET, inaandaa mitaala, mihtasari ya masomo na vitabu vya kiada. NECTA, yaani Baraza la Mitihani, inatunga mitihani. Shule zenyewe zinaendeshwa na halmashauri chini ya TAMISEMI, ofisi ya Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa, na mashauri ya nidhamu ya walimu yana chombo chake, Tume ya Utumishi wa Walimu.

Afisa Elimu Kata ni mtu wa halmashauri. Anaripoti kwa Afisa Elimu wa Awali na Msingi, na kwa mambo ya sekondari kwa Afisa Elimu Sekondari, hivyo ana mabosi wawili ambao si lazima waitishe taarifa siku tofauti. Kwenye kata anafanya kazi bega kwa bega na Mtendaji wa Kata, na Kamati ya Maendeleo ya Kata, inayoongozwa na diwani, inamtegemea kwa kila swali la vyoo, madawati na utoro.

Anayechanganywa naye mara nyingi ni Mthibiti Ubora wa Shule, yule aliyekuwa akiitwa mkaguzi. Huyo yuko upande wa wizara, anatembelea shule kwa nadra, anaitathmini shule nzima na kuacha ripoti yenye mapendekezo. Baada ya mthibiti kuondoka, wa kuhakikisha mapendekezo yale hayabaki kabatini ni Afisa Elimu Kata. Ndani ya shule, mwalimu mkuu na mwalimu wa taaluma wanatakiwa kufanya ufuatiliaji wa kila wiki. Afisa wa kata anawasaidia waufanye vizuri, hawafanyii.

Kenya wana mtu anayefanana naye, anayejulikana kwa kifupi CSO, yaani afisa wa kusaidia utekelezaji wa mtaala, aliye chini ya TSC, tume ya walimu ya huko, na anayehudumia shule za zoni yake. Kabla ya hapo aliitwa mwalimu wa TAC, yaani kituo cha ushauri kwa walimu, na mzigo wake wa ushauri wa kufundisha ulikuwa wazi zaidi kuliko wa kwetu.

Kwa nini kofia ya tatu ndiyo inayoanguka

Kazi ina sehemu tatu. Ya kwanza ni usimamizi: mahudhurio ya walimu, matumizi ya ruzuku, ujenzi, migogoro ya wazazi na shule. Ya pili ni takwimu: uandikishaji, fomu za takwimu za TSM, kuhakiki taarifa zinazoingia kwenye SIS, mfumo wa kompyuta wa taarifa za shule, orodha za watahiniwa. Ya tatu ni kumsaidia mwalimu afundishe vizuri zaidi mwezi ujao kuliko mwezi huu.

Sehemu mbili za kwanza zina mtu anayepiga simu. Takwimu za uandikishaji zisipofika saa 6 mchana, simu italia saa 6 na dakika 5. Ya tatu haina mpigaji. Hakuna anayeuliza kama mwalimu wa darasa la pili amebadilisha namna anavyofundisha silabi. Ndiyo maana afisa mwenye bidii anaweza kumaliza mwaka mzima akiwa amechoka, amesifiwa wilayani, na hakuna darasa hata moja lililobadilika.

Njia inayofanya kazi ni kutenganisha siku. Siku ya kukagua mahesabu na rejesta ni siku ya kukagua. Siku ya kukaa darasani ni ya kukaa darasani, na mwalimu mkuu anaambiwa mapema ni ipi. Afisa akiingia darasani kama mshauri, kisha akatoka na kuuliza kwa nini mwalimu alichelewa Jumatatu, kesho yake kofia hizo mbili hazitatenganishwa tena vichwani mwa walimu. Kuchelewa kuulizwe, ila siku nyingine na kwa kupitia mwalimu mkuu.

Kukaa darasani

Hapa ndipo ufundi wenyewe ulipo, na ndipo wengi wanapoharibu.

Kabla ya kipindi, dakika 10 zinatosha. Soma andalio, kisha muulize mwalimu maswali matatu: umahiri mahususi wa leo, yaani kile watoto watakachoweza kukifanya, ni upi, watoto watafanya nini wao wenyewe, na utajuaje kwamba wameelewa. Swali la tatu ndilo linalokwama mara nyingi. Likikwama, umeshapata nusu ya mazungumzo ya baadaye hata kabla kengele haijalia.

Ndani ya darasa, kaa pembeni karibu na nyuma, pale unapoona nyuso za watoto na ubao kwa pamoja. Kipindi ni dakika 30 kwa darasa la kwanza na la pili, dakika 40 kuanzia la tatu; kaa chote. Anayeingia kwa dakika 12 akatoka ameona utangulizi tu, na utangulizi ndio sehemu ambayo walimu wengi wanaimudu.

Fomu yenye alama za 1 hadi 5 iweke mfukoni kwa sasa. Mtu anayejaza fomu anaangalia fomu, na mwisho wa siku anaandika 3 kila mahali. Chukua daftari. Kila baada ya dakika 5 andika mstari mmoja: mwalimu anafanya nini, watoto wanafanya nini. Chora ramani ya madawati na uweke kijistari kwa kila mtoto anayeulizwa swali kwa jina. Uwiano rasmi shule ya msingi ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, lakini darasa la mara mbili ya hapo si jambo la kushangaza, na kwenye darasa la watoto 90 ramani hiyo hueleza mambo ambayo mwalimu mwenyewe hakuyajua: vijistari 14 vimejaa safu mbili za mbele, pembe ya nyuma kushoto hakuna hata kimoja. Andika maneno yaliyosemwa kama yalivyosemwa. "Mwalimu aliuliza 'mmeelewa?' mara 9, darasa likajibu 'ndiyo' mara 9" ni ushahidi. "Ushirikishwaji hafifu" ni maoni, na mwalimu atayabishia.

Mwalimu akikosea somo lenyewe, kwa mfano akaandika ubaoni kwamba nusu jumlisha robo tatu ni nne ya sita, usimsahihishe mbele ya watoto. Mwambie kwa faragha kabla ya kipindi kinachofuata, ili asahihishe mwenyewe siku hiyohiyo.

Mwishoni chagua watoto watatu, mmoja wa mbele, mmoja wa katikati, mmoja wa nyuma. Wachague wewe, mwalimu akichagua atakuletea wale wale wanaosoma kwenye mahafali. Fungua madaftari yao. Darasa la pili, mpe kila mmoja kifungu kifupi asome kwa dakika moja na uhesabu maneno aliyoyasoma sawasawa. Kigezo kilichotumika kwenye upimaji wa kitaifa wa KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) kwa ngazi hiyo ni maneno 50. Kisha muulize mambo mawili yaliyo kwenye kifungu. Mtoto anayesoma maneno 40 na kujibu yote mawili ana tatizo tofauti kabisa na anayesoma 60 bila kujua kimezungumziwa nini.

Kuna mtego mmoja wa KKK ambao afisa asiyewahi kufundisha madarasa ya chini hauoni. Darasa zima linaimba "ba, be, bi, bo, bu" kwa sauti safi, mwalimu anafuata kwa fimbo ubaoni, kila kitu kinapendeza. Weka kidole kwenye "bu" peke yake, halafu "bi", halafu rudi "bo". Mtoto ananyamaza, au anaanza kuimba toka mwanzo mpaka afike anapotaka. Amejifunza wimbo. Silabi zenye konsonanti zilizoungana, kama za "nywele", "mbwa" au "ng'ombe", ndizo zinazoumbua zaidi.

Maoni ambayo mwalimu anaweza kuyafanyia kazi

Mazungumzo yafanyike siku ileile, dakika 20 hadi 30, chini ya mwembe au kwenye chumba kitupu. Ofisi ya walimu haifai: wenzake wakisikia, atajitetea badala ya kufikiri. Mwalimu mkuu naye asikae, isipokuwa mwalimu ameridhia.

Anza kwa kumuuliza mwalimu aliona nini. Onyesha jambo moja lililokwenda vizuri, kwa ushahidi wa daftari lako. Kisha jambo moja la kubadilisha. Moja. Anayepewa mapungufu tisa anaondoka na aibu tisa na hafanyi lolote.

Chukua mfano wa kutoa kwa kuchukua, hesabu ya 52 − 27. Ukikuta madaftari mengi yameandikwa 35, watoto hawakubahatisha. Kwenye mamoja wameona 2 na 7, wakatoa ndogo kutoka kubwa wakapata 5. Kwenye makumi 5 toa 2 ni 3. Wana kanuni, ila ni kanuni mbovu, na vema wala kosa nyekundu haitaiondoa. Sasa afisa mmoja atasema: "Jitahidi kutumia zana." Mwalimu ataitikia, na hakuna kitakachotokea. Mwingine atasema: "Kesho kipindi cha pili, kabla ya kuandika mfano, kila dawati lipate mafungu matano ya vijiti kumikumi vilivyofungwa kwa kamba, na vijiti viwili vya pekee. Waambie watoe 27." Watoto watagundua wenyewe kwamba viwili havitoshi na lazima fungu moja lifunguliwe. Kisha ndipo mwalimu aandike ubaoni kile ambacho mikono imekwisha kukifanya. Vijiti vinaokotwa, kamba za mgomba zipo, gharama haipo.

Halafu mfanye mazoezi hapohapo. Mwalimu afundishe dakika 5 zile za mwanzo, afisa awe mwanafunzi, tena mwanafunzi anayekosea. Wengi huona haya mara ya kwanza, lakini hatua hii ndiyo inayogeuza ushauri kuwa kitendo. Maliza kwa tarehe ya kurudi, isizidi wiki tatu, na ukirudi angalia jambo lile lile tu.

Kwenye logi buku, kitabu cha kumbukumbu cha shule, andika tarehe, darasa, jambo lililokubaliwa na siku ya kurudi. Logi buku ikigeuzwa hati ya mashtaka, shule itaanza kuwa na mwalimu mmoja maalumu wa kuonyeshwa wageni, na wewe utamwona huyo kila ukija. Vivyo hivyo kundi la WhatsApp la kata: picha ya ubao wa mtu yenye kosa ikishatumwa humo, milango ya madarasa inafungwa kata nzima.

Sekondari ina ugumu wake. Afisa aliyesomea Kiswahili na Historia hawezi kupima usahihi wa somo la Fizikia la kidato cha tatu. Asijifanye. Aangalie maswali, muda, madaftari na ramani ya madawati, na kwa maudhui aende na mwalimu mahiri wa somo hilo kutoka shule jirani, au amwachie mkuu wa idara.

Hesabu ya ziara

Tuseme kata ina shule 7 na walimu 84. Mwaka wa masomo una siku 194, yaani wiki 39 hivi. Kumwona kila mwalimu mara mbili ni vipindi 168, zaidi kidogo ya vinne kwa wiki. Kwenye karatasi inawezekana. Sasa ondoa Januari ya uandikishaji, wiki za mitihani na upimaji wa darasa la nne na la saba, michezo ya shule ya UMITASHUMTA na UMISSETA, vikao vya wilaya, mbio za Mwenge na wiki za mvua ambazo njia haipitiki. Zikibaki wiki 24 za kweli, vipindi vinne vimekuwa saba kwa wiki, na kila kimoja pamoja na mazungumzo yake kinakula karibu dakika 80. Haviwezekani pamoja na takwimu.

Kwa hiyo chagua. Walimu wa darasa la kwanza na la pili, tuseme 21, kila mmoja mara nne kwa mwaka: vipindi 84, au vitatu na nusu kwa wiki. Waongezwe walimu wapya wa mwaka wa kwanza kazini. Waliobaki wawe wa mwalimu mkuu na mtaaluma, na afisa awaone kupitia mikutano ya walimu. Kutembelea wote juu juu kunapendeza kwenye taarifa ya robo mwaka tu.

Kisha mafuta. Mwaka 2018 serikali iligawa pikipiki kwa maafisa hawa nchi nzima, na hilo liliwatoa kwenye miguu na lifti za malori. Lakini pikipiki bila mafuta ni pambo la ofisi. Pikipiki ya kawaida ya cc 125 kwenye barabara ya vumbi inakwenda kilomita 35 hivi kwa lita. Safari 14 kwa mwezi, wastani wa kilomita 20 kwenda na kurudi, ni kilomita 280, yaani lita 8, bila kuhesabu oili, mnyororo na pancha. Hesabu ndogo namna hii, iliyoandikwa kwa shule na umbali wake, inasikilizwa kwenye bajeti ya halmashauri kuliko ombi la "kuwezeshwa". Shule mbili zilizo njia moja zipangwe siku moja.

Kenya walilitatua kwa namna inayofaa kutazamwa. Programu ya Tusome, iliyoenea nchi nzima kuanzia 2015, iliwapa maafisa wa zoni tableti. Afisa alijaza alichokiona darasani, akasikiliza watoto watatu wakisoma, eneo alipokuwa likarekodiwa, na marejesho ya nauli yakafuata ziara zilizothibitika. Fedha ilifuata kofia ya tatu, na kofia ya tatu ikavaliwa.

Mikutano ya walimu

Mpango wa MEWAKA, Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, unataka walimu wajifunze shuleni kwao kwenye jumuiya za ujifunzaji, kwa moduli za TET. Wazo ni zuri na linafaa kwa kata isiyo na fedha ya semina. Linakufa kwa sababu mbili za kawaida kabisa. Kwanza saa: kikao cha saa 9 alasiri, walimu hawajala, mmoja ana kilomita 6 za kutembea. Kiwekwe katikati ya wiki mara baada ya chakula, dakika 60, kisizidi. Pili mada: ikitoka wilayani, ni semina bila posho. Ikitoka kwenye madaftari, kwa mfano "kwa nini darasa la tatu wote wameandika 35", walimu wanabishana mpaka muda unaisha. Kila kikao kiishe na jambo moja ambalo kila mwalimu atalijaribu, na kikao kijacho kianze kwa kuonyesha madaftari ya watoto waliojaribiwa.

Mihtasari miwili chini ya paa moja

Mtaala ulioboreshwa ulianza Januari 2024 kwa awali, darasa la kwanza na la tatu, na kwa msingi unapanda darasa kwa darasa. Waliokuwa la tatu mwaka huo watamaliza elimu ya msingi darasa la sita mwaka 2027, pamoja na darasa la saba la mwisho la mtaala wa zamani. Katikati ya kipindi hicho shule moja inakuwa na mihtasari miwili, na mwalimu mmoja anaweza kushika darasa la mtaala mpya asubuhi na la zamani mchana.

Kosa la kawaida ni azimio la kazi, yaani mpango wa mwalimu wa kufundisha somo kwa mwaka, lililonakiliwa toka mwaka jana na kubadilishwa tarehe. Kulikamata ni rahisi: muhtasari mpya unaanzia kwenye umahiri mkuu na umahiri mahususi, na una safu ya vigezo vya upimaji na idadi ya vipindi. Linganisha azimio na muhtasari mstari kwa mstari kwa wiki tatu za mwanzo tu. Yasipokubaliana hapo, hayakubaliani mbele. Fanya hivyo wiki ya kwanza ya Januari, mwezi Machi utakuwa umechelewa. Hesabu pia vitabu vya kiada vilivyopo kwa darasa na somo, na uangalie kama viko madarasani au bado vimefungwa stoo kwa kuogopa vitachanika.

Uhamisho

Maafisa huhamishwa, tena kwa barua ya siku chache. Makabidhiano ya kawaida ni pikipiki, muhuri na mafaili ya takwimu. Kinachopotea ni daftari. Kabla ya kuondoka, toa nakala ya kurasa mbili au tatu kwa anayekuja: jina la kila shule, walimu waliokuwa wakifuatiliwa, jambo moja lililokubaliwa na kila mmoja, tarehe ya mwisho ya kuonwa. Ongeza ni shule ipi njia yake hukatika Aprili, na ni mwalimu mkuu yupi anapenda kupigiwa simu kwanza.